Tembo, shamba na sera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mjadala wa tembo ukianza, iwe kwenye mkutano wa kijiji, darasani au bungeni, maswali huwa ni yale yale. Mmoja anauliza wamebaki wangapi, mwingine anauliza nani atalipa mahindi yaliyoliwa jana usiku, na mara nyingi kila mmoja anajibiwa swali ambalo hakuuliza. Hapa yamekusanywa maswali hayo pamoja na majibu yake. Mengi yanahusu Tanzania na Kenya. Nchi za kusini mwa Afrika zimeingia pale sera zao zinapotugusa. Unaweza kusoma swali moja tu ukaishia hapo.

## Idadi

Kwani tembo wamebaki wangapi?

Inategemea unauliza wapi na kuanzia mwaka gani. Sensa kubwa ya tembo wa savana iliyofanyika kwa ndege katika nchi 18 za Afrika mwaka 2014 na 2015 ilipata tembo 352,271, na ikakadiria kwamba idadi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 30 hivi kati ya 2007 na 2014. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi: kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014.

Kenya ina historia tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa kuwa na tembo 167,000. Kufikia 1989 walikuwa wamebaki kama 16,000. Hesabu ya taifa ya 2021 ilipata 36,280, karibu 15,000 kati yao wakiwa eneo la Tsavo.

Kwa hiyo anayesema "tembo wanaisha" na anayesema "tembo wameongezeka" wanaweza wote kuwa wakweli. Ukipewa takwimu ya tembo isiyo na mwaka wala eneo, omba hivyo viwili kwanza, ndipo mwendelee kubishana.

Tembo huhesabiwaje?

Katika savana, kazi hufanywa kwa ndege ndogo za aina ya Cessna. Rubani huruka chini, kama mita 100 juu ya ardhi, kwa mistari iliyonyooka iliyoachana kilomita kadhaa. Kila upande wa nyuma hukaa mhesabuji. Kwenye mhimili wa bawa hufungwa fimbo mbili, na mhesabuji huhesabu wale tu wanaopita katikati ya fimbo hizo. Anayeonekana nje yake haandikwi, hata akiwa mkubwa kama nyumba. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha, nayo huhesabiwa upya baadaye mezani. Upana wa kile kinachoonekana kati ya fimbo hujulikana, hivyo wataalamu wanaweza kukadiria idadi ya eneo zima kutokana na sehemu iliyopitiwa.

Mizoga nayo huhesabiwa. Kwa kawaida mizoga ikizidi asilimia 8 ya jumla ya tembo wote walioonekana, wazima na waliokufa, hiyo ni dalili kwamba vifo vinazidi vizazi. Kipimo hiki hakipewi nafasi kwenye vichwa vya habari, ilhali mara nyingi ndicho hutoa onyo mapema.

Msituni ndege haioni kitu. Huko huhesabiwa vinyesi kwenye mistari maalumu, au huchukuliwa vinasaba kutoka kwenye vinyesi hivyo.

Kama ni kazi ya kitaalamu, mbona idadi hubadilika ghafla?

Mfano mzuri ni Ruaha–Rungwa, kusini mwa Tanzania. Hesabu ya 2013 ilikadiria tembo 20,000 hivi. Ya 2014 ikaleta kama 8,300. Mshtuko ukawa mkubwa, hesabu ikarudiwa 2015, ikaleta kama 15,800. Mtu wa kawaida akiona hivyo anauliza: hawa wataalamu wanabahatisha?

Hawabahatishi. Makadirio ya sampuli huja na wigo wa makosa, na tembo hutembea kwa makundi. Mistari ya ndege ikikosa makundi makubwa machache, jumla hushuka sana. Ikiyapata, hupanda sana. Msimu nao una neno, maana miti ikiwa na majani tembo hujificha chini yake, na makundi huhamia eneo ambalo halikuingizwa kwenye hesabu.

Kosa ni kuchukua tarakimu moja ya katikati na kuitangaza kana kwamba tembo walipangwa foleni wakahesabiwa mmoja mmoja. Wale walioichukua namba ya 2014 kuthibitisha maangamizi na wale walioichukua ya 2015 kuthibitisha kwamba hakukuwa na tatizo waliteleza mahali pamoja. Hata kwa hesabu ya 2015, tembo wa Ruaha–Rungwa walikuwa wamepungua. Mwelekeo wa miaka mingi una uzito kuliko hesabu ya mwaka mmoja.

Tembo wa Afrika ni aina moja au mbili?

Mbili. Tangu Machi 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, huwaorodhesha tembo wa savana na tembo wa misituni kama spishi tofauti. Wa savana wamewekwa kundi la walio hatarini kutoweka, na wa misituni kundi la walio hatarini zaidi. Tembo wa Tanzania na Kenya ni wa savana. Wa misituni wanapatikana zaidi bonde la Kongo na Gabon.

## Ujangili na biashara ya pembe

Nini hasa kiliwamaliza tembo wa Selous, pori kubwa la kusini mashariki mwa Tanzania?

Risasi, na soko la pembe lililozilipia. Mwaka 1976 mfumo wa Selous ulikadiriwa kuwa na tembo 109,000 hivi. Wimbi la ujangili la miaka ya 1980 liliwapunguza vibaya, wakapona taratibu hadi kufika kama 70,000 katikati ya miaka ya 2000, kisha wimbi la pili likaja. Mwaka 2013 walikuwa wamebaki kama 13,000. Mwaka uliofuata UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya maeneo ya urithi wa dunia yaliyo hatarini.

Sayansi ilisaidia hapa kwa namna ya wazi. Vinasaba vilivyochukuliwa kwenye pembe zilizokamatwa bandarini vililinganishwa na vile vya vinyesi kutoka mbugani, na utafiti uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana zilizonaswa katika shehena kubwa ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa yeyote kudai kwamba pembe hizo zilipita tu Dar es Salaam kutoka nchi nyingine.

Nguvu ya upelelezi ikaelekezwa kwa wafadhili wa ujangili. Mwaka 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara kutoka China aliyepewa jina la Malkia wa Pembe za Ndovu, kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya mamia ya pembe.

Marufuku ya 1989 ilisaidia?

Ilisaidia sana kwa miaka ya mwanzo. Mwaka huo, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mjini Lausanne, Uswisi, tembo wa Afrika aliingizwa Kiambatisho cha Kwanza, maana yake biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kupeleka pendekezo hilo. Bei ilianguka na ujangili ukapungua sehemu nyingi.

Baadaye milango ikafunguliwa kidogo. Tembo wa Botswana, Namibia na Zimbabwe walishushwa Kiambatisho cha Pili, ambako biashara huruhusiwa kwa masharti, 1997, wa Afrika Kusini 2000, na yakafanyika mauzo mawili maalumu ya pembe za akiba: ya 1999 kwa Japani, na ya 2008 kwa Japani na China. Hapo ndipo ubishi ulipo mpaka leo. Watafiti wawili, Solomon Hsiang na Nitin Sekar, walitoa andiko mwaka 2016 wakidai mauzo ya 2008 yaliongeza ujangili kwa sababu pembe haramu zilipata mahali pa kujificha. Wengine waliwapinga wakasema takwimu za mizoga zina mapengo, na kwamba utajiri uliokuwa ukikua China unatosha kueleza ongezeko hilo.

Binafsi naona hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa kuangalia kilichotokea soko lilipofungwa. Bei ya pembe ghafi China ilikuwa kama dola 2,100 kwa kilo mwaka 2014. Serikali ya huko ilipotangaza nia ya kufunga soko lake la ndani, bei ilianza kushuka, na mwanzoni mwa 2017 ilikuwa kama dola 730. Soko lenyewe lilifungwa mwisho wa mwaka huo. Hata hivyo uchumi wa China nao ulikuwa umepoa kipindi hicho, kwa hiyo sitamcheka anayetaka ushahidi zaidi.

Kwa nini Kenya huchoma pembe badala ya kuziuza ijenge shule?

Rais Moi alichoma tani 12 Julai 1989, na Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105 Aprili 2016, zote ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hoja ya Kenya ni kwamba pembe iliyo ghalani huwa ni kishawishi cha wizi na humpa mnunuzi matumaini kwamba siku moja soko litafunguliwa. Kuichoma ni kumwambia asisubiri.

Wanaopinga husema kupunguza bidhaa sokoni hupandisha bei, na kwamba fedha hizo zingelipa askari. Tanzania iliwahi kushika upande huo: mwaka 2010, kwenye mkutano wa CITES mjini Doha, iliomba kuuza akiba yake ikakataliwa. Miaka mitano ya ujangili mkali iliyofuata inanifanya niseme ilikuwa heri ombi lile likataliwe. Nchi isiyoweza kulinda tembo walio hai haiwezi kuhakikisha kwamba kila pembe inayopita kwenye mnada ina karatasi halali.

Lakini swali la shule lipo palepale, na wahifadhi wengi hulikwepa. Kama taifa limeamua kuchoma mali kwa faida ya dunia nzima, wanaoishi na tembo wanastahili kuona fidia kutoka chanzo kingine. Angalia hapo chini swali la kifuta jasho, yaani malipo kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama.

Operesheni Tokomeza, ile ya Tanzania dhidi ya ujangili, ilifanikiwa?

Ilikamata watuhumiwa na silaha, na iliacha majeraha. Ilianza Oktoba 2013 ikihusisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na ikasitishwa mwanzoni mwa Novemba baada ya wabunge kueleza mauaji, mateso na mifugo iliyopigwa risasi vijijini. Kamati ya Bunge ilichunguza, na Desemba mwaka huo Rais Kikwete alitengua uteuzi wa mawaziri wanne.

Somo lake ni la kisera moja kwa moja. Jangili anahitaji mwenyeji wa kumwonyesha njia, na askari anahitaji mwenyeji wa kumpa taarifa. Kijiji kilichopigwa hakipigi simu tena. Ujangili ulianza kushuka kwa uhakika baadaye, pale kikosi kazi cha upelelezi kilipofuata fedha na magari badala ya kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Ni kweli tembo wanazaliwa bila pembe kwa sababu ya ujangili?

Gorongosa, Msumbiji, ni kweli. Wakati wa vita vya 1977 hadi 1992 tembo wa huko walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, wengi wakiuawa kwa ajili ya pembe. Majike wasio na pembe waliachwa, wakazaa. Utafiti wa 2021 ulionyesha kuwa idadi yao iliongezeka kutoka asilimia 18.5 hadi karibu 51, na kwamba sifa hiyo hurithiwa kwa njia inayowadhuru watoto wa kiume, ndiyo maana madume wasio na pembe hawaonekani huko.

## Tembo shambani

Hifadhi ni kubwa. Kwa nini tembo huingia mashambani?

Kwa sababu shamba lina chakula bora kuliko pori, na kwa sababu mara nyingi shamba liko kwenye njia yake. Tembo mzima hula kama kilo 150 za majani na magome kwa siku. Ekari moja ya mahindi yaliyoanza kukomaa humpa kwa usiku mmoja virutubisho ambavyo porini angetembea sana kuvipata. Wanaothubutu zaidi ni madume, ambao huwa tayari kuhatarisha maisha ili wanenepe, maana ukubwa wa mwili ndio humpa dume nafasi ya kuzaa.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Wakati wa ukame wa 1993 kule Tarangire, koo za tembo zilizoongozwa na majike wakongwe zilitoka hifadhini zikaenda kutafuta maji na malisho kwingine. Kundi lililobaki ndani lilikuwa na majike wadogo, na lilipoteza ndama wengi zaidi. Watafiti walioichapisha habari hiyo 2008 waliona uwezekano kwamba wale wakongwe walikuwa wakikumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, waliokuwa wameupitia wakiwa wadogo. Fikiria maana yake: njia ambayo bibi wa kundi aliipita miaka 35 iliyopita leo ina kijiji, shule na mashamba ya alizeti. Tembo hajui kwamba ramani imebadilika.

Njia zipi za kuwazuia hufanya kazi kweli?

Hakuna moja inayotosha. Wakulima wengi hulinda kwa debe, moto, tochi kali na mbwa, wakilala juu ya dungu kwa wiki nyingi kila msimu. Tembo huzoea. Mabomu baridi, ya kutoa kishindo, hutisha zaidi, lakini yanahitaji mafunzo. Yakitumiwa ovyo humgeuza mnyama kuwa mkali.

Uzio wa pilipili ni rahisi na unajengwa kwa vitu vinavyopatikana dukani. Unasimamisha nguzo kuzunguka shamba, unafunga kamba ya mkonge, unaning'iniza vitambaa vya pamba kila baada ya hatua chache, kisha unapaka kamba na vitambaa mchanganyiko wa oili chafu na pilipili kavu iliyosagwa. Oili huishikilia pilipili isioshwe na mvua ya kwanza. Mvua kubwa ikipita, unapaka tena, na hapo ndipo wengi hushindwa. Uzio unaopakwa na jirani wote kwa zamu hufanya kazi. Wa mtu mmoja humsukumia tembo jirani.

Uzio wa mizinga ya nyuki umechunguzwa kwa muda mrefu zaidi, hasa Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10 ikiunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba misimu ya mazao tembo wengi waliokaribia waligeuka, na mkulima akapata asali juu yake. Ila ukame wa 2017 ulifukuza nyuki kwenye mizinga mingi, na ilichukua miaka kadhaa kurudi. Mahali pakavu usiutegemee peke yake.

Uzio wa umeme unazuia vizuri ukitunzwa, na ni gharama. Ukijengwa vibaya hufunga ushoroba, yaani njia ya wanyama.

Kifuta jasho ni kiasi gani, na kwa nini watu hulalamika?

Kanuni za Tanzania za 2011 ziliweka malipo ya shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari iliyoharibiwa, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kwa ekari zisizozidi tano. Shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpaka halikupata kitu. Kifuta machozi kwa familia iliyofiwa kilikuwa shilingi 1,000,000. Sheria ya Kenya ya 2013 iko juu zaidi: shilingi za Kenya milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu.

Majina yenyewe ya Tanzania yanasema kwamba hii siyo fidia. Ni mkono wa pole. Na hata mkono huo huchelewa. Mkulima huripoti kwa mtendaji wa kijiji, afisa hutakiwa kufika kupima uharibifu, fomu hupanda wilayani hadi wizarani. Kenya nako, kiasi kikubwa kilichoandikwa kwenye sheria hakikuja na fungu la kutosha, madai yakarundikana kwa miaka.

Hapa nasema bila kuzunguka: ekari ya mahindi iliyo tayari kuvunwa ina thamani kubwa kuliko shilingi 100,000. Yule anayelala kwenye dungu ndiye anayelipia uhifadhi kwa kiwango kikubwa kuliko mtalii yeyote, na halipwi. Mjadala wowote wa sera usioanza na gharama hiyo umeanza katikati.

Tembo akiingia shambani, naruhusiwa kumuua?

Sheria inatambua kujitetea pale maisha yako hatarini. Nje ya hapo kazi hiyo ni ya askari wa wanyamapori. Likitokea, toa taarifa mara moja, na usiguse pembe wala nyama. Nyara hubaki mali ya Serikali.

Ushoroba ni nini, na nani anaumiliki?

Ni njia ya wanyama kati ya hifadhi moja na nyingine. Kisayansi faida yake haina ubishi mkubwa: makundi yaliyotenganishwa hukosa mahali pa kukimbilia ukame, na hatimaye huzaana ndani kwa ndani. Kisera ndiyo kazi, kwa sababu ushoroba mwingi uko juu ya ardhi ya vijiji, yenye watu. Tanzania ilitunga kanuni za shoroba mwaka 2018. Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, hukatwa na barabara kuu na mashamba yanayopanuka.

Kenya ina mfano unaotia moyo. Tangu mwanzoni mwa 2011 tembo hupita chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru kupitia njia iliyojengwa makusudi, inayounganisha Mlima Kenya na nyanda za Lewa. Reli ya kisasa ya Nairobi–Mombasa, iliyofunguliwa 2017, ilijengewa vivuko ndani ya Tsavo, na tembo waliovalishwa kola za setilaiti wameonekana wakivitumia, ingawa baadhi husita.

## Uwindaji na "tembo wengi mno"

Uwindaji wa kitalii unasaidia uhifadhi au unauharibu?

Kenya iliupiga marufuku 1977. Tanzania inauruhusu kwa vitalu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji, na kanuni zake zinataka pembe ya tembo anayewindwa iwe na angalau kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Nchi zote mbili zilipoteza tembo wengi baada ya hapo. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba uwindaji halali siyo uliowamaliza, wala marufuku siyo iliyowaokoa.

Hoja yenye uzito kwa upande wa wawindaji ni ardhi. Mapori mengi ya akiba hayana mandhari ya kuvutia basi la watalii, yana mbung'o, na bila ada za uwindaji yangegeuzwa mashamba. Hoja yenye uzito upande wa pili ni biolojia. Utafiti wa Amboseli, hifadhi ya Kenya iliyo karibu na mpaka wa Tanzania, unaoendelea tangu 1972, umeonyesha kwamba dume hufikia kilele cha kuzaa akiwa na miaka zaidi ya 40. Anayetafutwa na mwindaji kwa ukubwa wa pembe ndiye yule yule anayetafutwa na majike.

Kwangu swali la kuamua ni la risiti: katika ada ya kitalu, kijiji kinachopakana nacho kilipokea nini mwaka jana? Mahali ambapo jibu linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, naweza kukubali uwindaji wenye mipaka. Mahali ambapo hakuna anayejua, hoja ya kwamba unawasaidia wananchi haina miguu.

Mbona Botswana inasema ina tembo wengi mno?

Kwa sababu ina kama 130,000, wengi kuliko nchi yoyote. Ilisimamisha uwindaji 2014, ikaurudisha 2019. Mwaka 2024 Rais Masisi, akikasirishwa na mpango wa Ujerumani wa kubana uingizaji wa nyara, alisema angewapelekea tembo 20,000 waishi nao. Watu wengi vijijini Afrika walimwelewa mara moja.

Ila "wengi mno" siyo kauli ya sayansi pekee. Mwanaikolojia anaweza kupima miti iliyoangushwa na nyasi zilizobaki. Kwamba hali hiyo haikubaliki ni uamuzi wa watu.

Basi kwa nini wasipunguzwe kwa risasi?

Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ilijaribu. Kuanzia 1967 hadi 1994 tembo zaidi ya 14,000 waliuawa ili idadi ibaki kama 7,000. Walipoacha, idadi ilipanda. Baadaye wataalamu waligundua kwamba mabwawa ya kuchimbwa yalichangia tatizo kwa kuwawezesha tembo kukaa kila mahali mwaka mzima, wakaanza kuyafunga mengi. Ndama walionusurika na kuhamishwa bila wakubwa wao baadhi walikua wakali. Kule Pilanesberg, hifadhi nyingine ya Afrika Kusini, madume vijana waliua vifaru mpaka walipoletewa madume wakubwa wa kuwatuliza.

## Maswali magumu

Tembo wa Amboseli akivuka kuingia Tanzania ni wa nani?

Kisheria anakuwa chini ya sheria za nchi aliyosimama. Baada ya madume wa Amboseli kuwindwa upande wa Tanzania 1994, palikuwa na maelewano ya kutowinda mpakani, yakadumu karibu miaka 30. Kati ya mwishoni mwa 2023 na 2024 madume kadhaa wenye pembe kubwa waliwindwa huko kihalali, na wanasayansi wakapinga hadharani.

Wanaosema Kenya haina haki ya kuipangia Tanzania wana hoja. Lakini madume wenye pembe inayokaribia kilo 45 kila moja ni wachache mno Afrika nzima, na kundi moja haliwezi kusimamiwa kwa hesabu mbili. Maelewano ya mdomo hayatoshi. Yanahitaji kuandikwa, pamoja na namna ya kuwafidia wenyeji wa Enduimet, upande wa Tanzania, mapato ya uwindaji watakayoyakosa.

Si wazungu tu wanaotuamulia?

Fedha nyingi na kelele nyingi hutoka Ulaya na Marekani, ni kweli. Lakini ndani ya CITES kila nchi ina kura moja, na mgawanyiko mkubwa zaidi kuhusu pembe ni wa Afrika yenyewe: Kenya na nchi nyingi za magharibi na katikati upande mmoja, nchi za kusini upande mwingine. Kusema "Afrika inataka" ni kufuta ubishi halali kati ya Nairobi na Gaborone.

Kwa nini serikali isifuate tu wanasayansi?

Mwanasayansi anaweza kukwambia kwamba kufunga ushoroba fulani kutapunguza kundi, na kwa uhakika gani. Hawezi kukwambia ni kaya ngapi zinastahili kuhamishwa ili ushoroba ubaki wazi. Hilo la pili ni la wananchi, mabaraza yao na mahakama. Mambo huharibika pale mwanasiasa anapoomba namba inayomfaa, au mtaalamu anapoficha msimamo wake ndani ya grafu. Ukibishana, tenganisha: hapa nasema ninachokijua, hapa nasema ninachokitaka. Na ukiulizwa kuhusu namba, taja wigo wake wa makosa, kama ilivyoelezwa kwenye swali la Ruaha–Rungwa.

Nyumbani kuna pembe ya babu. Nifanye nini?

Usiiuze, usiisafirishe, usiitangaze kwenye simu. Tanzania, kupatikana na nyara ya Serikali bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kesi hizi huendeshwa kama uhujumu uchumi, zenye adhabu ya miaka mingi jela. Umri wa pembe hauisafishi. Kitu cha kale chenye thamani ya utamaduni, kama ilivyo siwa (baragumu) ya pembe ya Pate inayotunzwa Lamu, mahali pake ni makumbusho. Kabla ya kuigusa, zungumza na wakili, kisha peleka taarifa ofisi ya wanyamapori ya wilaya ukiwa naye.